Madumu ya Njano

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku mbaya. Afisa mpya wa boti hapa Mbamba Bay, binti mmoja anaitwa Dorothy, amenikamatia madumu sita ya petroli ninayouzia wavuvi. Na adabu anazo! Alianza na shikamoo, nikaitikia marahaba kwa raha zangu, ndipo akayakamata. Anasema kanuni zimebadilika. Petroli haipandi boti tena kwenye dumu la njano la mafuta ya kula. Inataka dumu lake maalumu, jekundu, lenye alama ya moto, kifuniko kisichovuja, na likidondoshwa limejaa lisipasuke. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimefika Nkhata Bay na Beira, nimeona petroli ikibebwa kwenye ndoo. Akaniuliza kama waliobeba bado wapo.

Nathanieli, mwenye boti jirani, alicheka mpaka akashika ubavu. Yeye ana madumu mekundu tangu mwezi uliopita. Mnafiki.

Nyumbani kimya. Mke wangu Avelina bado yuko kwa mama yake, Mbaha. Dumu la uvunguni lilivuja, likalowesha kitenge chake cha kanisani. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alisema tu kwamba amechoka kulala juu ya moto huku akisikiliza kama bado napumua. Siku nyumba itakapoacha kunuka, nimfuate.

Nimepika ugali mwenyewe. Mtamu. Kuku wameususa, lakini kuku wanajua nini?

Jumanne, 5 Agosti

Akili kubwa! Alama ya moto ni mchoro tu. Nami darasa la tano nilikuwa wa kwanza kwa kuchora. (La sita sikuingia.) Nimepaka dumu la njano rangi nyekundu ya boti, nikachora moto wa nguvu, nikampelekea Dorothy.

Aliinamisha kichwa huku, akakiinamisha kule, akaniuliza kama siku hizi baba nasafirisha vitunguu. Kisha akataka tulidondoshe. Nikalijaza maji bila wasiwasi, mwanaume haogopi mtihani. Lilipasuka kama boga, likamlowesha Nathanieli kuanzia shingoni. Hiyo ndiyo sehemu nzuri ya siku.

Jumatano, 6 Agosti

Nimelala upande wa Avelina. Upande wangu una baridi. Upande wake pia.

Basi, kesho Mbaha! Rafiki yangu Bernadi wa Kingerikiti amenipa dumu la mafuta ya alizeti, zawadi safi kwa mama mkwe. Na mimi nimebakiwa na dumu moja la petroli, nimelihamishia kwenye banda la mbuzi. Nyumba hainuki tena. Mbuzi ndio wananuka.

Wavuvi wa Mbaha wanalilia petroli. Kwa nini niende na dumu moja wakati nina mikono miwili? Nimeyaosha yote, nimeziba vifuniko kwa nailoni na sabuni ya kipande ili harufu isitoke, nimeandika ALIZETI kila moja. Hata mimi mwenyewe nikiyatazama siyatofautishi. Kazi ya fundi hiyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Niko Mbaha, taa haitoshi. Naandika hivyo hivyo.

Dorothy alinusa madumu, hakupata kitu, akanitakia safari njema. Njia nzima botini nilikuwa najisifu kimoyomoyo. Mbaha akanipokea shemeji Hyasinti, akachukua dumu la zawadi, akalipeleka jikoni. Mimi nikakalishwa nje na kofia yangu kubwa, kiti kikaelekea ziwani, mgongo jikoni, kama inavyotakiwa. Kwetu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, wala hamsemeshi. Miaka yote hii mama yule namjua kwa khanga zake tu.

Avelina alileta maji. Hakutabasamu. Lakini kikombe alikisuuza mara mbili! Dalili nzuri. Nikamwambia nafika ufukweni mara moja.

Kule nikampa Victor, mvuvi, dumu la pili. Akabandua sabuni, akachovya kidole, akalamba. Akaniuliza kama injini yake nataka aikaange.

Alizeti!

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka moshi wa jikoni. Nakumbuka kwamba mama mkwe anavuta ugoro, pua yake imekufa, hasikii harufu yoyote. Niliruka kizingiti, mkwe mzima, na viatu! Avelina alikuwa amepiga magoti anapuliza moto. Mama ameshabandua nailoni, ameliinua dumu juu ya kikaango, dagaa wetu wa usipa wanasubiri. Nikalipokonya, nikalikumbatia kama mtoto, nikatoka nalo mpaka mbali kwenye mchanga. Nikakaa chini. Macho yalitoa maji. Petroli ile kali sana.

Nilipotulia, mama mkwe alikuwa amenifuata, amesimama na Hyasinti. Ana sura ya Avelina kabisa, sikujua. Akamwambia Hyasinti, nami nipo hatua chache: "Mwambie huyo mkwe, miaka yote nilidhani ana kichwa kikubwa. Kumbe ni kofia." Nikamwambia Hyasinti amwambie mama nimekosa, nimeingia jikoni kwake, nitaleta kuku. Mama akamwambia Hyasinti aniambie kuku awe jike, na kwamba kwa umri wangu mbio ninazo.

Avelina akaja kukaa karibu nami mchangani. Akachukua mikono yangu, akainusa, akakunja uso, lakini hakuiachia. Akasema, "Baba Ida, ningekufa mimi, ungemdanganya nani?"

Tunarudi wote kesho. Ila dumu atalichagua yeye.

Jumamosi, 9 Agosti

Mbuzi mmoja amekwenda, dumu jekundu limekuja. Tena kutoka kwa Nathanieli! Avelina ndiye aliyepatana naye, mimi nilitazama mawimbi. Dorothy akalidondosha limejaa maji. Pu! Halikuvuja hata tone. Avelina akanitaka nimweleze binti yote ya Mbaha, pamoja na alizeti. Nikaeleza, nikidhani ataniitia polisi. Akanipa mkono kwa mikono yake miwili.

Leo nimekula ugali wa kweli. Kuku wamerudi mlangoni.

Jumapili, 10 Agosti

Tumetoka kanisani pamoja, Avelina na kitenge kingine. Watu wametutazama. Watazame!

Nimeapa mbele yake: petroli haitaingia tena kwenye dumu la mafuta ya kula, maisha yangu yote. Na kiapo nakiheshimu.

Lakini dumu jekundu liko tupu mpaka boti la Jumanne, na Bernadi ana alizeti nyingine Kingerikiti, hana cha kuibebea. Nimekwenda kuisoma karatasi ya kanuni pale ukutani, mara mbili, kwa kidole. Inakataza petroli kwenye dumu la mafuta ya kula. Mafuta ya kula kwenye dumu la petroli haijasema lolote. Hakuna neno! Wasomi wameacha mlango wazi, na hakuna aliyeuona isipokuwa mimi.

Avelina yuko uani, anachambua mchele, ameniuliza napigia mluzi nini. Nimemwambia ni mapenzi tu. Na hayo nayo yapo.