Koti la Burma na Sehemu ya Nne

Jumanne, 6 Agosti 1957. Bwera.

Leo nimepata cheo. Hakina mshahara wala kofia, lakini ni cheo.

Habari yenyewe ni hii. Jumapili iliyopita Bwana Siraje wa Kasese alituletea sehemu ya tatu ya sinema yake ya Kihindi, ile ya mpanda farasi mwenye kinyago. Sehemu ziko kumi na mbili, kila Jumapili moja, ndani ya stoo ya kahawa. Basi farasi akaja mbele. Akaja mbele zaidi. Akajaa shuka nzima! Wazee walitoka na mlango wenyewe. Mzee Yonasani, mkubwa wa wazee wa soko na mhubiri wetu, alipoteza kiatu cha kushoto na mpaka leo hakijaonekana. Mimi sikukimbia. Nilitangulia nje kuwafungulia njia.

Leo wazee wamekaa katika hoteli ya Habibah, binti wa dada yangu, wakaamua jambo. Hakuna sehemu mpya itakayoonyeshwa Bwera kabla mtu mwenye akili hajaiona kwanza na kuja kusema ndani kuna nini, ili watu wajiandae. Mtu huyo asipopatikana, stoo itafungwa na Siraje abaki na farasi wake Kasese.

Wakauliza nani anaijua sinema. Nikasimama. Nikawaambia nimeona sinema mia nne: Nairobi, Kolombo, na Burma, ambako jenerali mwenyewe alikuwa akinigeukia kila picha ikiisha, ananiuliza, Muhamood, unaonaje hiyo?

Kwa bahati mbaya Zedekia alikuwapo. Huyu ni mkulima wa Rukoki. Huja Bwera kuuza vitunguu na kuniharibia siku. Tulikuwa jeshini pamoja, basi anajiona shahidi wa maisha yangu. Akasema ni kweli jenerali alikuwa akiniuliza, ila aliuliza chumvi ya supu iko wapi. Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mambo ya jiko la jeshi ni siri ya vita.

Cheo nimepewa hata hivyo. Mwonaji wa Kwanza. Jina nimelitunga mwenyewe.

Alhamisi, 8 Agosti. Kasese.

Nimekuja na lori la chumvi ya Katwe, ambayo ndiyo biashara yangu. Mabati yenye mikanda ya sinema yalishuka na treni asubuhi. Nikaenda kwa Siraje nikiwa nimevaa koti langu la Burma, lile lenye vifungo vinne vya shaba na kimoja cha shati, nikamweleza uamuzi wa wazee.

Amekataa. Kasema mtu akiona mapema atasema mapema, na akisema mapema nani atakuja Jumapili? Nikamwambia hata kwenye arusi mpishi huonja mchuzi kabla ya wageni, na hakuna mgeni aliyewahi kurudi nyumbani kwa sababu mchuzi umeonjwa. Akasema mpishi huonja kijiko kimoja, ila mimi ananijua, nitamaliza sufuria. Nikamwuliza kama anaogopa hukumu. Akasema anaogopa mdomo. Tulibishana mpaka adhuhuri. Mwishoni akaniambia nishushe chumvi yake aliyoagiza, Mzee, halafu niende kwa amani.

Kosa lake ni hilo. Chumvi yake hukaa katika stoo ileile anamojaribia mashine! Nusu magunia, nusu sinema, na katikati ile shuka nyeupe. Nikashusha magunia tisa. Baada ya gunia la tisa nikajilaza nyuma ya magunia, upande wa nyuma wa shuka, nikatulia kama mjusi. Chumvi ilikuwa mbichi, ikanitiririkia shingoni. Sikukohoa hata mara moja. Hayo ndiyo mafunzo ya Burma.

Siraje akaingia peke yake, akafunga madirisha, akafungua bati. Alikuwa akinung'unika kwamba watu wa mji uliotangulia wameionyesha sinema mpaka mwisho na kuituma hivyohivyo bila kuirudisha mwanzo, na sasa kazi yote ya kuirudisha ni yake. Mambo ya mafundi, hayanihusu. Akageuza kitasa fulani cha mashine, ikaanza, shuka ikawaka.

Nimeona sehemu ya nne! Nzima!

Ijumaa, 9 Agosti. Bwera.

Hoteli ilijaa mpaka kwenye kuni. Habibah alinipa chai ya bure, jambo ambalo halijatokea tangu afungue. Nikaeleza yote kwa utaratibu.

Kwanza kuna nyumba iliyo majivu. Moshi unashuka kutoka mbinguni, unaingia ndani ya majivu, moto unaamka, na moto huo hauunguzi, unajenga. Ukuta unasimama, paa linajifunga, nyumba mpya. Kisha kuna maiti saba chini. Risasi zinatoka vifuani mwao zenyewe na kurudi ndani ya bunduki. Maiti wanainuka wote saba, na kwa sababu wana adabu wanaondoka kinyumenyume, kama mtu anayetoka mbele ya mfalme. Mpanda farasi anaruka kutoka mtoni mpaka juu ya daraja, yeye na farasi, na hawana tone la maji mwilini. Mwisho, majambazi wanaingia kwa bibi kizee, wanaweka dhahabu sandukuni mwake, wanafunga sanduku, wanafunga mlango, wanakwenda zao.

Lugha nayo nilielewa yote. Ni Kihindi cha milimani.

Mzee Yonasani alifuta macho. Kasema majambazi wanaorudisha mali ni fundisho, aletewe hiyo sehemu upesi, na hata farasi akija mbele safari hii hatainuka. Habibah akauliza kilemba cha mpanda farasi kilikuwa na rangi gani. Nikasema chekundu. Akasema, lakini Mjomba, sinema ile si nyeusi na nyeupe? Nikamwambia kwa mtu aliyezoea, rangi inajulikana hata ikifichwa.

Ndipo Zedekia akaweka chini kikapu chake cha vitunguu. Akasema amenisikiliza tangu mwaka arobaini na tatu na amechoka. Kama Jumapili maiti mmoja tu atainuka, yeye ataniita Afande mbele ya watu. Kama hakuna, koti la Burma ni lake.

Watu wote wakanitazama. Koti hili ndilo vita vyangu vyote. Sina medali, sina picha, sina barua. Mtu akitaka kujua kama nilifika Burma namwonyesha koti. Bila koti mimi ni mchuuzi wa chumvi anayesema sana.

Nikakubali. Kwa nini nisikubali? Nimeona kwa macho yangu!

Jumamosi, 10 Agosti.

Habari imevuka mpaka. Mama mmoja wa Kongo kanisimamisha sokoni, kasema amesikia kule kwao kwamba hapa beko, yaani wako, na sinema ya watu wa kufufuka, na yeye kesho anakuja na watoto yote sita. Nikamwambia awahi, viti ni vichache. Zedekia alipita akanipima mabega kwa macho. Sikulala vizuri mchana.

Jumapili, 11 Agosti.

Naandika upesi kabla sijasahau utukufu.

Saa kumi stoo ilikuwa imejaa. Watu walikaa juu ya magunia ya kahawa, wengine walining'inia madirishani. Siraje hajawahi kuona watu hivyo. Akauliza wameambiwa nini. Wote walikuwa wakinitazama mimi. Mashine ikaanza.

Majambazi wakaingia kwa bibi kizee. Wakafungua sanduku. Wakachukua dhahabu.

Nikasema kwa sauti, ngojeni, watairudisha. Hawakuirudisha. Mpanda farasi akaanguka kutoka darajani, akalowa. Watu saba wenye afya wakapigwa risasi, wakalala, nami nikangoja wainuke, na stoo nzima ikangoja nami. Hawakuinuka. Nyumba nzuri ikaungua yote. Taa zikawashwa.

Mzee Yonasani akasimama, na kiatu chake kimoja kipya na kimoja cha zamani, akauliza taratibu ufufuo uko wapi. Mama wa Kongo akasema ametembea tangu asubuhi, na hawa mutu wamekufa tu kama kwao. Zedekia alinyoosha mkono tu. Nikamtazama Habibah anitetee. Kasema, vua tu, Mjomba, yaishe.

Nikavua. Zedekia akalivaa, mkono wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, akafunga vifungo vyote vitano. Likamkaa vizuri kuliko mimi. Hilo ndilo liliniuma. Nilibaki na fulana yenye chumvi, na watoto wakaanza kunicheka.

Watu sasa walitaka kuing'oa shuka ya Siraje. Akanishika bega, akaniuliza hasa niliona nini, na niliona wapi. Nikakiri. Nyuma ya magunia, siku ya Alhamisi. Nikamsimulia moshi unaoshuka na maiti wenye adabu. Siraje akacheka mpaka akakaa chini kwenye sanduku la mashine. Akawaambia watu warudi kwenye magunia, zima taa, Mzee huyu hakusema uongo. Akageuza kile kitasa.

Moshi ukashuka kutoka mbinguni!

Sijawahi kusikia kelele kama ile, hata vitani. Nyumba ikajijenga, wanawake wakapiga vigelegele. Maiti wa kwanza alipoinuka mama wa Kongo alimkumbatia mtu asiyemjua. Waliitaka tena. Na tena! Dhahabu iliporudi sandukuni Mzee Yonasani akasema hakuna mahubiri yake yaliyowahi kurudisha hata jembe.

Kisha akatoa hukumu: kila nilichosema kimeonekana juu ya shuka, koti lirudi. Zedekia akafungua vifungo vitano, akatoa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, akaja kwangu kinyumenyume asinitazame usoni. Akasema Afande. Mara moja, kwa sauti ndogo. Nilimwomba arudie, akaenda kwenye vitunguu vyake.

Jumatatu, 12 Agosti.

Siraje alikaa hotelini saa nzima kabla ya kuondoka, akinieleza. Aliomba uzi kwa Habibah, akauzungusha kwenye kijiti, akaufungua, akauzungusha tena kwa upande mwingine. Kasema huku ndiko mbele, huku ndiko nyuma, na Alhamisi mimi niliona nyuma. Nilimsikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayejua zaidi. Habibah akauliza, Mjomba, umeelewa? Nikasema nimeelewa kabla yake. Siraje aliianzia upande mbovu Jumapili makusudi ili kuniaibisha, watu wakamlazimisha aionyeshe vizuri.

Hata hivyo ameshindwa. Kwa kuwa stoo ilijaa hivyo, sasa ananiruhusu kuja kila Alhamisi kuona mapema. Ataniwekea kiti mbele ya shuka, na chai. Haki ya Mwonaji wa Kwanza imesimama!

Ijumaa, 16 Agosti.

Jana nilikuwa Kasese. Kiti kilikuwapo, chai pia. Lakini nilifikiri sana ndani ya lori: hakimu anayepewa kiti na mshitakiwa, hukumu yake itanyooka? Nikafika mapema, nikapita mlango wa chumvi, nikalala mahali pangu nyuma ya magunia. Siraje alikuwa ameshaanza kugeuza kitasa chake na kunung'unika. Nikaona sehemu ya tano yote. Ilipokwisha nikajitokeza kumshukuru. Alishtuka, akasema ngoja, Mzee, ndiyo kwanza naianza. Nikamwambia asipoteze mafuta, nimeshaona. Akaninyooshea ule uzi wake. Nikakimbilia lori.

Leo hoteli imejaa tena. Nimewaambia sehemu ya tano ni arusi, na ni arusi ya watu waliolelewa. Wageni wanatoa pilau mdomoni tonge kwa tonge, wanairudisha kwenye sinia mpaka sinia linajaa, linapelekwa jikoni likiwa na kilima. Kisha bibi arusi anarudishwa kwa baba yake bila ugomvi wowote.

Zedekia kasema haiwezekani. Nimevua koti, nimeliweka mezani kwa Habibah mpaka Jumapili.

Zedekia kaomba lifuliwe kwanza.