Siku Nne za Mwanza

Rubeni aligundua riziki yake katika hoteli ya chai pale Bomani, mjini Tarime, mwezi Machi 1955, aliposikia watu watatu wakigombana kuhusu mji ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuufika.

Wa kwanza alikuwa Nikolaus, karani wa baraza, mwenye santuri kumi na mbili na gramafoni isiyolia. Alikuwa akieleza kwamba bendi za dansi za Mwanza zina tarumbeta nne. Wa pili alikuwa Verdiana, mke wa mwalimu, mshonaji, aliyesema kwamba tarumbeta haziliwi na kwamba anachokitaka yeye ni biriani ya Mwanza. Wa tatu, Mzee Machage, aliyekuwa jumbe zamani na hakuacha kuwa jumbe moyoni, aliwaonea huruma wote wawili.

"Nyinyi mnawaza tumbo na miguu," alisema. "Mimi nataka kuona boma la Mjerumani. Baba yangu alifika pale kwa miguu kutoka Shirati."

"Alikwenda kutembea, tata?" aliuliza Nikolaus, akimwita baba kwa Kikurya.

"Alikwenda na Wajerumani."

"Mbele yao au nyuma?"

"Nyuma. Na mzigo wao kichwani," alisema Verdiana. Mzee Machage aliinua kikombe chake akakiangalia kana kwamba kina nzi.

Rubeni aliweka chini andazi lake. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minne, mwenye koti la kaki na sauti ya mtu anayejua saa za kuondoka kwa kila kitu. Alitoka Musoma, ambako kwa miaka sita alikuwa akipakia magunia gatini. Huko aliona meli ya Mwanza ikiondoka mara mia tatu hivi. Ndani yake hakuwahi kupanda. Kila alichokijua kuhusu Mwanza alikipata kwa abiria waliokuwa wakisubiri kivulini, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya na habari hizo ila kuzitamani, alizihifadhi zote kwa usahihi. Jambo hili lastahili kutajwa kwa sababu katika maisha yake ndilo pekee lililokuwa la kweli.

"Shikamoo, mzee," alisema, akivuta kiti. "Samahani kuingilia. Nimesikia mnaitaja Mwanza. Mimi ndiye mwenye safari za Pasaka."

Hapakuwa na safari za Pasaka. Zilianzishwa katika sentensi hiyo.

Kufikia kikombe cha pili zilikuwa na ratiba. Alhamisi, basi hadi Musoma, kuvuka Mto Mara kwa kivuko, kisha meli. Ijumaa Kuu asubuhi, Mwanza. Samaki wa kukaanga karibu na gati, sambusa duka la tatu mkono wa kulia. Jumamosi, biriani mchana na dansi jioni. Jumapili, misa, kisha boma la Mjerumani na lile jiwe lililosimama juu ya jiwe ndani ya ziwa. Jumatatu, kurudi.

"Jiwe linasimamaje juu ya jiwe?" aliuliza Mzee Machage.

"Hilo, mzee, ndilo mnalolipia nauli kulijua."

Kesho yake alileta ratiba imeandikwa kwa wino, nakala nne, kila moja na muhuri wa mviringo. Muhuri aliuchonga kwenye kisigino cha kiatu cha mpira. Bomani ni mahali pa ofisi, na mtu aliyeishi karibu na ofisi hasomi karatasi kabla ya kutazama kama ina muhuri. Nikolaus, aliyepiga mihuri miaka tisa, aliukagua, akasema ni mzuri kuliko wa kwao.

Ikabaki nauli. Mavuno yalikuwa mbali, na kabla ya mavuno shilingi za Tarime huonekana kwa nadra.

"Shilingi sina," Mzee Machage alimwambia nyumbani kwake. "Chukua ng'ombe."

Ng'ombe mmoja alikuwa na thamani ya safari mbili kama hiyo. Rubeni aliinamisha uso ili usimsaliti.

"Mzee, mimi si mchuuzi wa ng'ombe."

"Chukua, mura, kijana wangu. Lakini umtoe asubuhi na mapema, kwa mlango wa nyuma. Na usimwambie mtu. Hapa kuna husuda."

Nikolaus naye alitoa ng'ombe, naye alitaka mlango wa nyuma. Kwa Verdiana ilikuwa vilevile, ila yeye aliongeza, "Akikuuliza mtu, sema umemwokota njiani."

Rubeni alikuwa katika kazi hii miaka minne, na hakuwahi kukutana na watu wanaosaidia kutapeliwa kwa moyo namna hii. Alifikia uamuzi kwamba Tarime ni nchi ya watu wema. Aliona pia kwamba ng'ombe wote watatu walikuwa na sikio la kushoto lililokatwa mara mbili upande wa nyuma. Aliridhika. Alidhani ni alama ya chanjo.

Hapa ni lazima tueleze jambo ambalo hakuna mtoto wa Ukurya anayehitaji kuelezwa. Mtu mwenye ng'ombe wengi huku hawaweki katika zizi moja. Ugonjwa ukiingia, au wezi, au jamaa wenye shida, zizi moja huisha siku moja. Kwa hiyo huwagawa: wawili kwa rafiki, mmoja kwa shemeji, mmoja kwa karani. Anayewekewa hunywa maziwa na kutumia samadi, na watu wakipita wakamsifia mifugo yake hakatazwi kutabasamu. Asichoruhusiwa ni kumuuza au kumtoa. Mwenye ng'ombe hajulikani kwa zizi. Anajulikana kwa sikio.

Mzee Machage alijua hivyo. Nikolaus alijua, na Verdiana pia. Kila mmoja, kwa wakati wake na bila kuambiana, alifikiri kwamba kumlipa mgeni kwa ng'ombe wa mtu mwingine ni njia nafuu ya kusafiri, na kwamba baadaye atasema ng'ombe ameibwa. Kila mmoja alimwonea Rubeni huruma kidogo.

Jumatano, siku moja kabla ya safari, ilikuwa siku ya mnada. Mpango wa Rubeni haukuwa na matata. Auze ng'ombe watatu saa nne, apande lori la saa sita kwenda Musoma, na Alhamisi apande meli, peke yake. Nakala ya nne ya ratiba ilikuwa yake. Wizi ulikuwa njia tu. Alichokitaka kilikuwa sambusa ya duka la tatu mkono wa kulia, na kusimama mbele ya bendi aone kama kweli ina tarumbeta nne.

Mlangoni mwa mnada, juu ya kigoda, alikaa mama mmoja aliyevaa koti la kiume. Aliitwa Boke, mjane, na alikuwa akikaa pale kila mnada akitazama kinachoingia. Rubeni alidhani ni muuza ugoro.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura. Ng'ombe wazuri hawa."

"Asante, mama. Nimewafuga mwenyewe tangu ndama."

"Umejitahidi. Huyu mweusi mama yake alikuwa ng'ombe wa namna gani?"

"Mweusi vilevile, mama. Mpole sana."

"Alikuwa mwekundu," alisema Boke. "Alinivunja jino hili hapa." Akamwonyesha pengo. "Na masikio haya, mura?"

Watu walikuwa wameanza kusogea. Rubeni alishukuru kwamba ameulizwa jambo analolijua.

"Hiyo chanjo, mama. Alama ya serikali."

Mchunga mmoja akaketi chini kwa kicheko.

"Basi, mura," alisema Boke, "serikali ni mimi."

Kuna sehemu za dunia ambako mtu akikutwa na ng'ombe wa mwenzake huulizwa maswali. Tarime nayo huuliza, lakini baadaye. Rubeni alitazama fimbo zilizomzunguka, akazihesabu hadi kumi na nne, akaamua kusema ukweli. Alikuwa hana mazoea nao, kwa hiyo ulitoka wote kwa mara moja: ratiba, basi, biriani, majina matatu na milango mitatu ya nyuma.

Wakaletwa. Mzee Machage alifika akiwa tayari amekasirika.

"Nilimpa amsogeze malishoni tu. Ng'ombe alikuwa anakohoa!"

"Mimi nilimwazima," alisema Nikolaus.

"Mbona nimeambiwa wangu ameibwa?" alisema Verdiana, kisha akamwona Boke. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeambiwa na nani?"

Verdiana alifikiri. "Na mimi mwenyewe," alisema, na hilo lilikuwa jibu safi kuliko yote siku ile.

Boke aliwatazama mmoja mmoja. "Niliwaachia ng'ombe mnywe maziwa. Hayakuwatosha, mkataka kumpanda hadi Mwanza." Akanyoosha mkono kwa Rubeni. "Lete hiyo karatasi. Wewe karani, soma."

Nikolaus alisoma. Alianza kwa aibu, lakini alipofika kwenye dansi la Jumamosi sauti ilimnyooka. Watu wa mnada walisikiliza hadi mwisho, hata wanunuzi, na ng'ombe wakasimama bila mteja.

"Jiwe juu ya jiwe," alisema Boke. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama," alisema Rubeni.

"Umeliona?"

Alikuwa na uwongo mdomoni, mzuri, tayari kutumika. "Sijafika," alisema.

"Hata mimi. Nina miaka sitini na miwili. Nimeona ng'ombe wote wa wilaya hii, sijaona meli." Akasimama. "Mweusi nitamuuza, ni wangu. Nitakwenda mimi. Nyinyi watatu mtanisindikiza, na kila mtu auze mbuzi wake mwenyewe, nimkague sikio kwanza. Na wewe, mura, una njia mbili. Hawa vijana wenye fimbo, au ng'ombe wangu wa Kewanja, uwachunge."

"Kwa muda gani, mama?"

"Mpaka nichoke kukuona."

Alhamisi asubuhi, Rubeni alisindikizwa Kewanja, na basi likaondoka Tarime na abiria wanne. Boke alikuwa na sanduku la mbao, na alimwambia Mzee Machage alichukue. Alilibeba kutoka basi hadi kivuko, kutoka kivuko hadi basi, kutoka gati la Musoma hadi melini, na Jumapili, kwa kuwa Boke hakupenda kuliacha, hadi mbele ya boma la Mjerumani. Hapo akasimama nalo kichwani. Yeye ndiye aliyetaka historia.

Walirudi Jumanne. Jumatano Boke alitembea hadi Kewanja, akakaa juu ya jiwe karibu na zizi, akavua viatu.

"Ratiba yako ni sahihi," alisema, "ila duka la sambusa liko mkono wa kushoto."

Rubeni aliacha kukamua. "Kushoto unapotoka melini, au unapokwenda melini?"

"Unapotoka."

Alilifikiria kosa hilo kwa uchungu wa kweli. "Na tarumbeta, mama?"

"Moja. Lakini ilipigwa kama nne. Karani alilia."

"Na jiwe?"

Boke aliweka ngumi moja juu ya nyingine, akaitikisa ya juu kidogo, isianguke. Rubeni alizitazama ngumi zile hadi alipozishusha.

Akawa mchungaji mzuri. Kumbukumbu yake iliyohifadhi meli ilihifadhi ng'ombe pia. Mwezi wa nane ng'ombe mmoja alizaa ndama jike, mwekundu. Rubeni alikuwa amesikia kwamba kwa desturi anayemtunzia mtu ng'ombe hupewa ndama. Hakuuliza ni ndama wa ngapi, wala nani husema lini. Alimwita Musoma, akamlisha majani mazuri kuliko wenzake.

Februari 1956, Boke alipita Kewanja akasema anakwenda Mwanza tena Pasaka, na watu wale wale, kwa kuwa Mzee Machage amezoea sanduku.

"Mama," alisema Rubeni, "kuna nafasi ya mtu wa tano?"

"Nafasi ipo. Nauli unayo?"

Rubeni aliingia zizini akatoka na Musoma, amefungwa kamba mpya. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye kwa mara ya kwanza maishani analipia kitu. Boke alimpapasa ndama mgongo, shingo, kisha akasukuma nyuma sikio la kushoto. Mikato miwili, imepona vizuri.

"Mura," alisema kwa upole, "unanilipa ng'ombe wangu."

Rubeni alilitazama sikio. Akaikumbuka siku ya kukata, Oktoba, asubuhi, yeye akiwa amepiga magoti, ndama akipiga mateke, na Boke akisema shika vizuri. Alikuwa ameshika vizuri.

Boke akamrudishia kamba. "Wenzako walinipa sababu ya kuwapeleka Mwanza kwa kosa hilihili," alisema. "Lakini wao walikuwa na mbuzi."

Akaomba karatasi. Rubeni aliketi juu ya jiwe akaandika ratiba ya Pasaka 1956, siku nne, bila kuruka kitu, na kwenye Ijumaa Kuu akasahihisha duka la sambusa, mkono wa kushoto. Kisha akavua kiatu, akapiga muhuri.