Dakika Kumi na Moja za Uso Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Filamu yetu imefika! Nasema yetu kwa haki. Miaka ishirini na sita iliyopita nilipiga kinanda katika bendi moja ya roki, na shoo yetu ya mwisho ikarekodiwa na bwana mmoja mwenye kamera tatu na akili ya peke yake. Sasa ndio kaimaliza, na ukumbi wa sinema ninapochana tiketi utaionyesha wiki nzima. Meneja sijamwambia kwamba nimo. Agundue mwenyewe, aone haya kwa kunishikisha ufagio.

Nilipiga solo ya dakika kumi na moja. Watu watajua mimi ni nani.

Jumanne, 4 Machi

Onyesho la kwanza, saa tisa alasiri. Watazamaji ishirini na wanne. Robo saa nzima ni nyaya za spika. Kisha viatu vya mpiga besi. Kisha gitaa linalia, skrini nyeusi tii. Mama mmoja akauliza kwa sauti kama umeme umekatika. Mzee mmoja akamjibu kwamba huo ndio usanii, halafu akasinzia. Radi, mpiga ngoma wetu, siku hizi muuza magodoro, kaonyeshwa kifua wazi, jasho linameremeta. Akina dada wa safu ya nne wakapiga vigelegele. Kifua! Mtu alikuwa anakosea mapigo tangu wimbo wa pili.

Hatimaye solo yangu. Nikanyoosha kola pale mlangoni. Vidole havionekani. Hata kimoja! Kamera imeganda usoni mwangu dakika zote kumi na moja. Na uso hauangalii kinanda. Unamwangalia Zumari.

Zumari ndilo jina tulilompa mwimbaji wetu, kwa ile sauti yake. Kasimama mbele, kanipa mgongo, nami namtazama kama mwenye kiu anavyotazama bomba la jirani. Mdomo wazi kidogo. Ukumbi ukacheka. Dakika ya tano hivi wakaacha kucheka, na hapo ndipo palikuwa pabaya zaidi. Nikasikia mtu anapenga kamasi.

Miaka yote hii nilidhani nimeficha vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Binti anayeuza bisi ametazama mara mbili. "Mzee, yule wa kinanda ananiua," kaniambia. "Hivi alikuja kumwambia?" Mzee! Nina miaka hamsini na miwili tu. Nikamjibu huenda yule bwana alikuwa anasubiri ishara ya kuingia ubeti. Akauliza ishara gani ya dakika kumi na moja. Nikamwambia bisi zinaungua.

Kumbe Radi naye kaja, vifungo vitatu wazi, anawasainia watu tiketi. Kanikumbatia. Kaninong'oneza kwamba Zumari kapata habari, anakuja Ijumaa na kuondoka Jumapili. Akauliza kama mimi bado. Nikauliza bado nini. Alicheka mpaka kifungo cha nne kikaachia.

Lazima asizione dakika zile.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemshauri Meneja filamu ikatwe kidogo, watu wanachoka. Akanifungulia daftari la maoni. Karibu ukurasa mzima ni uso wa mpiga kinanda! Mmoja kaandika kwamba alipotoka alimpigia simu mtu ambaye hawajasemezana miaka tisa. Mwingine hakuelewa kitu, ila ule uso kauelewa. Wa tatu anataka arudishiwe saa zake mbili. Huyo ndiye mwenye akili.

Basi itabidi swichi kuu. Iko chumba cha mafagio. Nazima solo ikianza, nahesabu dakika kumi na moja, nawasha. Safi kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Amekuja. Nywele kazikata fupi, mvi zimeingia mbele. Anatembea vilevile, kama anayesikiliza kitu kilichomtangulia. Tiketi yake niliichana vipande vinne. "Za siku nyingi, kaka," akasema. Nikasema nzuri. Miaka ishirini na sita naandaa sentensi, imetoka nzuri!

Nikakimbilia swichi, nikachelewa dakika nne. Nikazima. Makelele. Nikahesabu, nimekumbatia ndoo. Nikawasha. Sikujua kwamba filamu ikizimika inakungoja. Tena fundi wa projekta, kwa ukarimu wake, akarudisha solo mwanzo. Zumari kaniona dakika kumi na tano!

Watu walipotoka yeye akabaki. Akanikuta nafagia bisi kati ya viti. Akasema siku ile ya shoo taa zilimuumiza macho, hakugeuka hata mara moja.

"Ningegeuka," akasema. Kisha: "Ulikuwa unaangalia nini, kaka?"

Nikasema saa ya ukutani, nyuma yake.

Akasema ukumbi ule haukuwa na saa. Akasema yuko kwa dada yake, geti la kijani nyuma ya posta, hadi Jumapili saa nne, na chai haikosekani. Alipofika mlangoni akageuka, akasimama kidogo. Mimi nimeinama naokota bisi. Binti ndiye aliyeniambia.

Jumamosi, 8 Machi

Sikuingia. Mtu haingii hivihivi, bila mpango. Nimeandika barua, nimepita ng'ambo ya geti la kijani mara sita, gazeti usoni. Alikuwa anaosha vyombo dirishani, anaimba. Sauti imeshuka, imepata uzito chini. Nikasikiliza mpaka gazeti likalowa. Kumbe mvua.

Jumapili, 9 Machi

Nimefika saa nne na dakika kumi. Viatu vinang'aa, barua kurasa nane. Dada yake kasema gari limeondoka, na kwamba Zumari alikaa kizingitini na begi lake tangu saa mbili. Mezani palikuwa na kikombe kimefunikwa kisosi. Nikauliza cha nani. Akasema changu, tangu jana. Nikanywa hivyohivyo, kimepoa.

Lakini kosa nimeliona. Mpango ulikuwa mdogo mno! Kesho namwandikia yule bwana wa kamera, kwa jina la profesa wa muziki, kumtaka aikusanye bendi yote apige filamu ya pili. Miaka miwili, mitatu, haizidi. Nimeshaanza kuuzoeza uso mbele ya kioo.

Dada mtu alinipa namba ya simu ya Zumari. Nimeitia kwenye droo. Kwa sasa sioni itanisaidia nini.