Maji Moto Juu ya Cherehani Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Saa nne asubuhi nilikuwa chini ya mzambarau nampima Mama Mwenye Nyumba kiuno. Futi mkononi, chaki sikioni, roho kwatu. Kiuno kimeongezeka inchi tatu tangu mwaka jana, na nilikuwa natafuta namna ya kumwambia ni moja na nusu. Ghafla akaruka. Sijawahi kuona mtu wa miaka sitini akiruka vile. Chungu wa mtini, hawa wekundu tunaowaita maji moto, alikuwa amemwingia kwenye kola. Nikajitia kumtoa. Wakashuka wenzake saba.

Alipomaliza kucheza, akatoa hukumu. Mzambarau unakatwa Jumamosi. Mkata miti anamfahamu. Amesema mti wenyewe hauna faida, unamchafulia ua kwa zambarau zilizopondeka, na kwamba miti ya maana ni michungwa yake mitatu ya nyuma. Hiyo michungwa inapukutisha matunda mabichi mwaka wa tatu huu.

Asiyejua atasema ni mti tu. Mti huo ndio karakana yangu! Kivuli ndicho dari, shina ndilo ukuta, misumari minne shinani ndiyo kabati la nguo za wateja. Miaka kumi na miwili cherehani yangu haijahama hapo. Ukikatwa, ama nishone juani kama mahindi ya kuanika, ama niende kwa Overloki.

Overloki ni fundi mwenzangu, upande wa pili wa ua. Tumempa jina hilo kwa sababu ana mashine ya overloki, ile ya kufunga kingo za kitambaa, na hawezi kumaliza sentensi mbili bila kuitaja. Ana chumba, ana baraza, ana feni. Jioni alikuja kunipa pole. Akasema nisihofu, kwake kuna nafasi ya mtu wa kushona vifungo. Vifungo! Mimi! Nilimshukuru huku nimeuma meno hadi taya likauma.

Mke wangu kauliza nitafanya nini. Nimemjibu kwamba nina siku tano na akili yangu. Amesema siku tano anaziona.

Jumanne, 4 Machi

Adui mjue kwanza. Leo sikushona kitu. Nimekaa chini ya mti, shingo juu, nawachunguza. Mteja wa gauni la sherehe nimemwambia aje kesho.

Lo! Kumbe ni mafundi! Viota vyao kumi na kimoja vyote ni majani yaliyoshonwa. Niliwaona wakianza kipya. Wamejipanga ukingoni mwa jani, wanalivuta lifikie jani la pili. Likiwa mbali, mmoja anamkamata mwenzake kiunoni, na huyo anakamatwa na mwingine, mnyororo mzima unarudi nyuma, vuta, vuta, hadi kingo zikakutana. Hapo wanatoka wengine na watoto wao mdomoni. Mabuu meupe! Wanamgusisha mtoto jani hili, wanamgusisha jani lile, na mtoto anatoa uzi. Sindano na bobini vyote ni mtoto mchanga! Mshono umenyooka. Nilitokwa na machozi kidogo, nikasingizia vumbi.

Nilimsimulia mke wangu. Akasema la kumshangaza yeye ni kwamba wanamaliza nguo siku ileile waliyoianza.

Kuua mafundi wenzangu siwezi. Ila kuwahamisha naweza. Na nani kasema wahamie mbali? Ng'ambo ya ua kuna baraza ya Overloki, na barazani kuna ule mmea wake unaotambaa anaoumwagilia maji kila asubuhi utadhani mtoto wake. Majani tele! Nimefunga kamba ya katani kutoka tawini hadi kwenye nguzo yake, juu kabisa, asione. Nimeipaka maji ya sukari na mchuzi wa samaki. Mke wangu anautafuta mchuzi.

Jumatano, 5 Machi

Wamevuka! Wamevuka! Alfajiri kamba ilikuwa nyekundu. Saa tatu Overloki alikuwa anapiga pasi shati la mteja huku akimweleza habari za mashine yake. Maji moto akamtua sikioni. Overloki kulia, pasi kushoto, shati chini, kola imeungua rangi ya chai. Nikaingia ndani nikacheka ndani ya mto.

Niliporudi nilihesabu viota mtini. Kumi na kimoja. Nikahesabu tena. Kumi na viwili! Na kingine kwenye mmea wa Overloki!

Nikamwendea Bwana Shamba, mpangaji wa chumba cha mwisho, aliyestaafu kazi ya kilimo lakini kilimo hakijamstaafu yeye. Alinieleza kwa furaha kubwa, maana hakuna anayemuulizaga. Amesema maji moto hawahami, wanajitanua. Taifa moja linaweza kushika miti mingi, mama yao akiwa mmoja tu. Ukiwatengenezea njia unakuwa umewaongezea nchi. Na ukiwapa chakula umewaongezea jeshi. Akauliza ni mjinga gani kawafungia kamba.

Nikasema hata mimi nashangaa.

Alhamisi, 6 Machi

Dawa ya moto ni moto. Bwana Shamba alitaja, katika ule mhadhara wake, kwamba mataifa mawili ya maji moto hayapatani kamwe. Wakikutana ni kufa na kupona. Akili ikaniwaka. Kwenye uzio wa shule kuna kiota kikubwa kama mpira. Niwalete wageni, wapigane na wenyeji, wamalizane wote, nibaki na mti mtupu! Tena bila kuua mimi.

Nilikitia kiota kwenye gunia la unga, gunia nikaliweka mbele ya baiskeli. Gunia la unga lina tundu. Kutoka shuleni hadi nyumbani ni dakika kumi. Nimetumia tatu. Watu njiani walinishangilia wakidhani ni mashindano.

Vita vilianza saa sita. Jamani! Wanasimama mikia juu, wanafungua meno, wanakamatana miguu. Sita wanamvuta mmoja huku na huku hadi anyooke kama shati kambani, wengine wanamkatakata. Harufu ya siki ua mzima. Saa nane vita vimekwisha. Wageni wameshindwa wote, na washindi wakawabeba maiti nyumbani kama kitoweo. Wenyeji wangu wamebaki wengi vilevile, tena wameshiba, tena wana hasira.

Bwana Shamba alitoka kuangalia, akafurahi kupita kiasi. Amesema wapiganaji wote ni wa kike, na wale wanaolinda mipaka ndio wazee kuliko wote. Mke wangu akatazama dirisha la Mama Mwenye Nyumba, akasema hilo halihitaji kusomea.

Nimeumwa mahali ambapo hata kwenye shajara sipataji. Nashona nimesimama.

Ijumaa, 7 Machi

Kuna siku mtu hufungua macho akatamani ayafumbe. Nimeifuata njia ya maji moto. Kutoka mzambarau, kambani. Kutoka kambani, barazani kwa Overloki. Na kwenye nguzo ya Overloki ndipo unapoanzia waya wa kuanikia nguo wa Mama Mwenye Nyumba. Na waya huo unaishia wapi? Kwenye michungwa! Michungwa yake! Ile anayoiita wanangu! Nimekuta viota viwili vimeshashonwa, mshono safi, na jeshi linapanda na kushuka kama limelipa kodi.

Nimekwisha. Kesho atakata mzambarau halafu anikate mimi.

Bahati moja. Ameenda kwa mdogo wake, anarudi kesho saa mbili pamoja na mkata miti. Nikiamka mapema nitapanda, nitavitoa vile viota viwili, nitakata kamba, nitajifanya sijui kitu. Nimejishonea vazi la kazi. Suruali imeshonwa na soksi, mikono imeshonwa na glovu. Hakuna pa kuingilia. Mke wangu kaniuliza nitavuaje. Hilo nitalifikiria baadaye.

Overloki, sikio limevimba, kapita kuniambia vifungo vinanisubiri.

Jumamosi, 8 Machi

Nilisahau shingo.

Nilikuwa juu ya mchungwa wa katikati, kiota mkononi, maji moto walipoigundua. Wakaingia shingoni wakashuka, na vazi lilikuwa zuri mno, hakuna pa kutokea. Nikapiga kelele. Nikajaribu kushuka, nikashika waya, waya ukakatika. Nikatua ndani ya beseni la mashuka, gauni la Mama Mwenye Nyumba limenivaa kichwani. Kwa upana linanitosha vizuri. Nilipolitoa machoni, nikamwona mwenyewe amesimama, pembeni yake mkata miti na msumeno. Nyuma yao Overloki, meno yote nje.

Akaniuliza, kwa upole unaotisha, nafanya nini katika michungwa yake. Mdomo umevimba, macho yanatoka maji, nauaga mti wangu kimyakimya.

Bwana Shamba akaniokoa bila kujua. Alikuwa amechuchumaa chini ya michungwa anaokota vitu. Akaita, akasema njooni muone. Kunguni wa matunda! Wamezagaa chini, wamekufa, na maji moto wanaburura wengine kwenye shina. Akaeleza kwamba kunguni hao ndio wanaofyonza machungwa machanga hadi yanaanguka. Hakuna dawa iliyowaweza, na sasa maji moto wanawamaliza kwa siku mbili. Akasema kuna wakulima wanaofunga kamba mti kwa mti makusudi, ili hawa chungu wavuke. Akauliza ni fundi gani kafanya kazi hii nzuri.

Nikainua glovu. Nikasema ni mimi. Nikasema nilianza Jumanne, kimyakimya, kwa kuwa mtu mwema hatangazi wema wake.

Mama Mwenye Nyumba aliinama kuwatazama wale kunguni. Miaka mitatu anagombana na kila mpangaji kwa machungwa yanayoanguka, hata na ndege. Akashika mkono wangu. Mkata miti naye akatazama juu ya mzambarau, akahesabu viota, akasema ana dharura nyumbani. Hukumu mpya ikatolewa papo hapo. Maji moto wanabaki, na kwa kuwa kwao ni kwenye mzambarau, mzambarau unabaki. Ila akanionya: siku maji moto wakipotea, msumeno unarudi, maana zambarau anazichukia bado.

Mti wangu umepona! Niliukumbatia. Wakaniuma, nikacheka. Mke wangu alinikata vazi kwa mkasi, akanipaka mafuta, naye akacheka hadi akakaa chini. Siku nyingi sijafurahi hivi.

Jumapili, 9 Machi

Mimi ni mtu maarufu. Wapangaji wananiita Mtaalamu. Mama Mwenye Nyumba ameleta kiti chake chini ya mzambarau, kofia kubwa kichwani, amekubali kupimwa upya. Nimemwambia inchi moja.

Amenipa heshima nyingine. Mdogo wake naye ana michungwa inayopukutisha, akaomba kama Mtaalamu anaweza kumpelekea kiota kimoja cha maji moto. Kimoja, kidogo tu. Nimesema kesho asubuhi.

Bwana Shamba kusikia hivyo kaja mbio na kandambili moja. Amesema nichukue chochote nitakacho, ila kile kikubwa cha kileleni nisikiguse, kwa kuwa humo ndimo alimo malkia, mama wa wote. Akitolewa yeye hakuna atakayezaliwa tena, na baada ya miezi michache hakutabaki maji moto hata mmoja, si mtini wala kwenye michungwa. Alirudia mara tatu. Wastaafu wanapenda kurudia maneno.

Lakini jamani, mtu mzima na jina lake anabebaje kakiota kadogo kama andazi kupeleka kwa mdogo wake Mama Mwenye Nyumba? Zawadi ndogo ni matusi. Nimeshaamua, kesho nachukua kile kikubwa cha kileleni. Vile vingine kumi na kimoja vitabaki, vinatosha kabisa. Vazi jipya limekamilika, safari hii lina kola.

Na kumbe Overloki nilikuwa namwonea bure. Ameusikia mpango wangu wote, kuanzia malkia hadi kileleni, amefurahi kwa dhati, na amejitolea mwenyewe kuja kunishikia ngazi.