Hirizi za Kenge

Kirodi Mal hakuja kwenye mkutano wa serikali kujifunza. Alifuata chai ya bure na sambusa. Lakini Madamu Rautela, afisa wa wanyamapori, alishika kipaza sauti akasema jambo lililowashtua wenye maduka wote wa soko la nafaka. Ule mzizi wa bahati uitwao hatha jodi, wanaoufukia kwenye unga mwekundu ndani ya droo ya pesa ili uvute mali, si mzizi. Ni uume wa kenge uliokaushwa. Na kukutwa nao ni jela miaka mingi.

Watu wakatazamana. Masikini, wengine walikuwa wakiubusu kila asubuhi.

Kirodi alipoyaona macho yale, roho yake ikasuuzika. Akapita safu kwa safu akinong'ona: ana shemeji yake askari wa msitu, vitu hivyo vitarudishwa porini kimyakimya, kwa rupia elfu mbili tu. Watu wakakimbilia madukani, wakarudi na kenge wao. Kabla mapumziko ya chai hayajaisha, mfuko wake ulikuwa umejaa, na yeye wasiwasi hana hata chembe.

Kilichomponza ni ule unga. Madamu alimwona mtu ana mikono myekundu hadi viwikoni, akampandisha jukwaani na mfuko wake. Ndani, hatha jodi thelathini na moja.

"Kaka," alisema, kipaza sauti kingali wazi, "kwa mzigo huu utazeekea ndani."

Hapo Kirodi aliogopa kwelikweli.

"Madamu, choma moja uone. Plastiki tupu. Hakuna kenge humo."

Madamu akachoma. Ikanuka ndoo iliyoungua.

"Kweli, plastiki. Wewe umejuaje?"

"Si nimezitengeneza mwenyewe! Sikukuu ya Diwali ya mwaka juzi nilibandika ndevu, nikajifanya mtawa wa milimani, nikawauzia hawahawa." Alisema kwa fahari yote ya mtu asiye na hatia.

Uwanja mzima ulimsikia.

"Basi mimi sina kesi na wewe," alisema Madamu. "Kenge hajaguswa. Nenda zako."

Kirodi akageuka. Wenye maduka thelathini na mmoja walikuwa wameinama, kila mmoja anavua kandambili yake, tena bila haraka.

Akarudi kinyumenyume hadi kwa afisa, akamnyooshea mikono yote miwili.

"Madamu," akanong'ona, "naomba unifunge."