Pikapu ya Marehemu Orville

Jumamosi, 14 Juni

Ushindi! Pikapu ya marehemu Orville Brekke ni yangu. Dodge ya mwaka 1951, inavuta kwa magurudumu yote manne, ina winchi mbele, bodi nzima isipokuwa pale ilipotoboka. Haijawashwa tangu mzee alipoanza kutembelea mkongojo.

Gaylen, kaka yake mke wangu, ana ya mwaka 1953. Kila tarehe nne Julai, Sikukuu ya Uhuru, yeye ndiye anayeongoza gwaride la mji wetu wa Nordby, kwa sababu pikapu yake ndiyo kongwe kuliko zote zinazotembea. Kila mwaka ananipungia mkono kutoka huko juu kana kwamba mimi ni mgeni aliyepotea njia. Mwaka huu nitampungia mimi.

Mnada wenyewe ulikuwa wa ajabu. Vitu vingine vyote watu waligombania, hata ndoo zenye matundu. Ilipofika zamu ya pikapu, Marlys, binti wa marehemu, akataja dola mia mbili. Kimya! Uwanja umejaa wanaume wanaojidai kujua magari, na kila mmoja anatazama viatu vyake. Gaylen naye viatu. Nikajua hapa hakuna mwenye macho. Nikanyoosha mkono. Myron, dalali, akaniuliza kama ninafukuza nzi. Nikasema sifukuzi nzi. Akauliza tena, polepole, kama nina hakika. Marlys akapandisha, nami nikapandisha, mpaka sauti ikamwisha.

Hakuna aliyepiga makofi. Wivu tu. Akina mama wa kanisa wakaniambia pai zimekwisha, na mimi naziona pale mezani.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani benchi letu lilikuwa na nafasi nyingi. Ardell, mke wangu, hakufungua mdomo mpaka tulipofika nyumbani. Hapo akaongea mpaka viazi vikaungua. Anasema mtoto wa marehemu akitaja bei ya kitu cha baba yake, majirani hunyamaza ili akipate kwa bei ya kutupa. Anasema hata mbwa wa wilaya hii wanalijua hilo.

Nilimjibu kwamba nalijua tangu utotoni. Lakini hilo ni la mashamba na ng'ombe. Kuhusu pikapu sijawahi kusikia. Halafu, majirani ni majirani. Shamba letu liko ng'ambo ya barabara ya mpaka, kwa hiyo kwa akina Brekke sisi ni watu wa wilaya nyingine kabisa. Ardell akaniuliza leo nitalala wilaya ipi.

Nimelala sebuleni.

Jumanne, 17 Juni

Mashine imeganda. Nimemimina mafuta kwenye silinda, nimesubiri, nimevuta, nimetukana, nimemimina tena. Panya walijenga kwenye chujio la hewa na inaonekana waliishi vizuri. Ninahitaji kabureta, pampu ya maji, na karibu nyaya zote.

Norbert Zacher ameficha magari makuukuu katikati ya miti yake ya kukinga upepo. Pale ni msitu wa spea. Nikaenda. Akasema hana hata skrubu ya Dodge. Wakati anasema hivyo alikuwa amekalia madigadi ya Dodge. Nikamwonyesha. Akasema hicho ni kiti.

Huku kwetu mkipishana barabarani unainua kidole kimoja juu ya usukani, hata kama hampendani. Leo nimepishana na magari njia nzima na vidole vyote vimelala. Labda ni baridi.

Alhamisi, 19 Juni

Mbinu mpya. Nilimpigia Norbert simu nikijifanya mkulima wa Kanada. Nilibana pua kidogo, nikasema natafuta kabureta ya Dodge ya 1951 na bei si tatizo. Norbert alikuwa mpole ajabu. Aliniuliza ngano ya huko imesimamaje. Aliuliza mvua. Nilimweleza kwa kirefu, nikaanza hata kumzoea. Mwishoni akasema, "Haya, ndugu Mkanada. Ukionana na Verlyn, mwambie bado sina."

Sijui alinijuaje.

Jumatatu, 23 Juni

Imewaka! Nilifunga kabureta ya trekta bovu, ikakubali kwa shingo upande. Difu ya nyuma nayo nilikuwa nimeifungua, nikaisafisha mpaka ikang'aa, nikairudisha kwa mikono yangu mwenyewe. Nikaingia, nikatia gia namba moja, nikaachia klachi, nikatazama mbele kama mtu anayeongoza gwaride.

Pikapu ikaenda nyuma. Nikatia namba mbili. Ikaenda nyuma kwa kasi zaidi. Ikapita katikati ya nguo alizoanika Ardell, ikasimama kwenye vitunguu.

Kumbe difu niliirudisha juu chini. Sasa nina gari lenye gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Nilikaa nikawaza kama gwaride haliwezi kuongozwa kinyumenyume. Ardell, akiwa ameshika shuka lenye alama ya tairi, alisema haliwezi.

Alhamisi, 26 Juni

Marlys Brekke alikuja. Hakugomba. Afadhali angegomba. Alileta keki, kwa sababu mtu haendi kwa watu mikono mitupu hata akiwa na hasira. Akasema atanirudishia nilichotoa, na cha juu kidogo. Akasema mama yake, Borghild, ana miaka themanini na minane na miguu inamwacha. Siku ya harusi yao walitoka kanisani na Orville ndani ya pikapu hiyo. Anataka kukaa ndani yake kwenye gwaride mara moja tu, kabla hajashindwa kupanda.

Nilimuuliza kama kuna tajiri wa mjini Minneapolis aliyewapigia simu akitaka kununua pikapu za zamani kwa bei kubwa. Marlys akainuka. Kisha akasema nihifadhi sahani, atakuja kuichukua siku nyingine.

Keki nzuri sana. Nimeila peke yangu, maana Ardell anasema ingemkwama kooni.

Baadaye Ardell akaja huku gereji na kusimama mlangoni. Akasema, "Kama aibu haitoshi kukufanya uwauzie, basi mpandishe huyo mama angalau siku ile moja, Verlyn." Nilitaka kukataa. Halafu akili ikafanya kazi. Mama Brekke! Mama Brekke ndiye spea niliyokuwa naitafuta!

Ijumaa, 27 Juni

Asubuhi nilikwenda kwenye ghala la nafaka, mahali wanaume wanapokunywa kahawa. Nilipoingia mazungumzo yakakatika. Nikatangaza kwa sauti kwamba Mama Borghild Brekke ataongoza gwaride mwaka huu ndani ya pikapu ya mumewe, mimi nikiwa dereva. Nikahema. Nikasema kinachosikitisha ni kwamba haina kabureta yake.

Norbert akakoroga kahawa yake, na kahawa yake haina sukari wala maziwa. Akakoroga sana. Mwishowe akaniuliza difu inavujia upande gani.

Jumanne, 1 Julai

Mimi ni mtu hatari. Jumamosi niliamka nikakuta kabureta mlangoni, imefungwa kwenye gazeti, haina jina la aliyeileta. Jumapili pampu ya maji. Jana Norbert alikuja mwenyewe na nyaya, na madigadi, yaani kile kiti. Leo Gaylen amefika na boksi lake la spana. Gaylen! Mtu ambaye pikapu yangu inamvua taji.

Alichungulia difu, akatikisa kichwa, akaingia chini ya gari. Nikamwambia nipo tayari kusaidia. Akasema, "Shemeji, shika tochi." Nikamkumbusha kwamba naweza kushika vitu vingine. Akasema, "Shika tochi, shemeji. Wala usiipunge." Nikasimamia kazi kwa tochi mpaka jioni. Watu wamesalimu amri. Ndivyo uongozi ulivyo.

Ijumaa, 4 Julai

Niandike kwa utulivu.

Saa nne asubuhi tulikuwa mwanzo wa barabara kuu. Pikapu yangu mbele, Gaylen nyuma yangu, kisha matarumbeta, matrekta, gari la zimamoto, na farasi mwisho kwa sababu zinazojulikana. Mama Brekke alikuja amevaa gauni la bluu na miwani myeusi. Nikabonyeza starta. Ikakohoa. Nikabonyeza tena. Ikakohoa. Watu wakaanza kucheka, na kicheko cha Gaylen ninakijua.

Mama Brekke akaniambia, "Sogea, baba." Nikadhani anataka upepo. Akaingia kwenye usukani. Akavuta choki nusu, akakanyaga starta kwa kisigino, akairudisha choki taratibu, na mashine ikawaka, ikatulia. Akasema huyu hapendi kuharakishwa. Kisha akaniambia nipande nyuma nishike bendera.

Nikapanda nyuma. Barabara nzima watu walisimama na kupiga makofi, wengine wakifuta macho. Niliwapungia pande zote mbili. Tulipofika mwisho wa barabara, pale tunapokata kulia kwenda uwanjani, hakukata. Akanyoosha. Nikagonga kioo. Hasikii vizuri, au ndivyo alivyoamua. Akashika barabara ya changarawe kuelekea kwao, na kwa kuwa kila mtu kwenye gwaride humfuata aliye mbele, wote wakafuata. Matarumbeta walipiga mpaka vumbi likawajaa midomoni.

Uwanjani kwake akaingiza pikapu bandani, mahali pake pa zamani, akazima. Akamwambia Marlys abandike kahawa, wageni ni wengi.

Nilishuka nikiwa mweupe kama mwokaji mikate. Nilikuwa na hotuba. Ningesema mnada ni mnada. Ningesema karatasi zina jina langu. Nikaingia bandani kumwambia. Nikamkuta amekwishahama. Amehamia upande wa abiria, upande wake, mkoba mapajani. Kiti cha dereva amekiacha wazi. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama mbele tu, kama mtu anayemsubiri mwenzake afunge lango arudi.

Niliumia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hotuba yote ikapotea.

Nilitoka nje, nikamwambia Marlys alete karatasi, nikatia saini juu ya boneti ya Gaylen kwa bei ileile niliyonunulia. Nilikumbuka kudai gharama za matengenezo, lakini spea zilikuwa za Norbert na mikono ya Gaylen, na tochi ni ya Ardell. Akina mama wa kanisa wakanipa pai. Gaylen akanipiga bega akasema, "Umefanya jambo, shemeji." Alimaanisha.

Jumatatu, 7 Julai

Siku mbili hizi nimefikiri sana kuhusu yaliyotokea, na sasa nimeelewa kila kitu.

Ilikuwa chuma cha kukalia kuku. Baada ya siku chache tu inatembea, haivuji, inawaka kwa kisigino cha bibi. Na mimi sikununua hata nati. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa ya mjane! Nunua pikapu ya mtu mwingine yeyote, utaitengeneza peke yako mpaka ufe. Nunua ya mjane, na wilaya nzima inakuja na spana zake na kabureta kwenye gazeti. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilimruhusu aketi kwenye usukani. Safari nyingine mjane anakaa nyuma.

Mzee Selmer Odegaard ana pikapu aina ya International ya 1949 kwenye miti yake. 1949! Ardell ananiambia mzee amelazwa tangu wiki iliyopita, mapafu. Nilimshangaza kwa kujitolea kupeleka supu mimi mwenyewe. Ardell akanibusu shavuni, akasema kumbe moyo ninao.

Mkewe, Bi Thelma, alinipokea vizuri. Nikamuuliza usingizi anapata. Nikamuuliza kama winchi ilikuja na gari au ilifungwa baadaye. Kisha nikamuuliza hali ya mzee. Akanishika mikono yote miwili kwa furaha, akasema daktari amewaambia atapona kabisa, Alhamisi anarudi nyumbani.

Nikamwambia asikate tamaa.