Nyambizi ya Ghorofa ya Pili

Ijumaa, 10 Septemba 2021

Bahizire, ndugu yangu, amani ya Bwana iwe nawe huko Adelaide. Kifua chako kinaendeleaje? Na magoti ya mama? Sisi hapa Fairfield ni wazima, kama mtu anayeruhusiwa kutoka nje saa moja kwa siku kwa sababu ya korona anaweza kuitwa mzima. Nimeanza kuandika siku kwa siku. Nikimaliza nitakutumia daftari hili. Usimwonyeshe mtu.

Hali ni hii. Vyumba viwili, watu watano. Mimi, ambaye shule ninayofagia imefungwa. Mke wangu Emérance, anayehudumia wazee usiku kule Westmead na kurudi saa moja na nusu asubuhi. Shemeji yangu Blaise, mdogo wake Emérance, anayepakia maboksi ghalani usiku na kulala kwenye sofa. Ketsia, miaka kumi na saba, mtihani wa mwisho uko mlangoni. Nicole, miaka kumi na mmoja, anayesoma kwa kompyuta huku anapayuka kama anauza vitunguu sokoni Butembo.

Emérance hajalala vizuri wiki ya tatu sasa. Leo amesema, bila hasira (hiyo ndiyo iliyonitisha), kwamba bosi wake anawapa wafanyakazi vyumba katika moteli karibu na kazi mpaka tufunguliwe. Anatakiwa ajibu kufikia Ijumaa ijayo. Nikauliza, na mimi je? Akasema mimi nina mikono miwili.

Nikamfikiria Gratien. Jirani wa mlango wa pili, Mrundi, shemasi wetu. Mke wake Ninahazwe alishahamia moteli hiyohiyo. Gratien anasema yuko vizuri kabisa. Jana nimemwona barazani anakula samaki wa kopo amesimama, anaongea na kijiko.

Hapana! Emérance haendi. Nitaipanga nyumba hii mpaka alale kama mtoto mchanga. Njia ninayo: kitabu cha nyambizi, chenye picha, nilichookota duka la mitumba kabla ya kufungiwa. Watu hamsini ndani ya bomba la chuma chini ya bahari, wiki kwa wiki, hakuna dirisha, na wanaelewana. Mimi nishindwe na wanne?

Jumamosi, 11 Septemba

Tumezama rasmi saa tatu asubuhi. Sheria kumi na nne kwenye friji. Kapteni ni mimi. Tulipiga kura: moja kwa sifuri, wengine walikuwa wanapiga mswaki.

Kitabu kinasema nyambizi ya dizeli ikiwa inawinda huishi kwa ukimya. Adui anasikia hata kijiko kikianguka. Kwa hiyo: soksi tu, viatu marufuku. Choo kisivutwe maji kuanzia saa mbili mpaka saa kumi. Na ili ukimya uheshimiwe, kila nusu saa kapteni anapita na filimbi.

Filimbi ya tatu Emérance alitoka chumbani, kitenge kichwani, akaniuliza filimbi ni ya nini. Nikamwambia ni ya kunyamazisha watu ili alale. Akakishusha kitenge mpaka masikioni. Akarudi ndani. Nadhani aliguswa.

Jioni Gratien barazani, kikombe mkononi. Anasema, kwa Kiswahili chake cha kambini Tanzania kilichonyooka kama rula, kwamba dizeli ni mambo ya zamani. Wenye akili wanatumia nyuklia: maji ya kuoga hayaishi, hewa wanaitengeneza wenyewe. Nikamkumbusha kwamba Australia yenyewe imeagiza za dizeli, tena kwa Wafaransa, na Wafaransa si watu wa kubahatisha. "Haya, kapteni," akasema, akachekea ndani ya kikombe. Shemasi mzima!

Jumapili, 12 Septemba

Nyambizi ya dizeli hufunga kila kitu. Kisha kwa saa maalum inapanda karibu na uso wa maji, inatoa bomba, inawasha injini, inachaji betri na kuvuta hewa mpya. Nikapanga vivyo hivyo. Madirisha kufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Katikati, kufuli. Kelele za treni zibaki kwa wenye treni. Wazo safi.

Ila leo ni Jumapili, na Jumapili nakaanga makayabu, wale samaki wa chumvi. Ibada ya Zoom ilianza saa nne. Saa nne na nusu, moshi. Nicole akaomba dirisha. Nikamjulisha kwamba bado masaa saba na nusu. Dakika kumi baadaye kengele ya moshi ikaanza kulia.

Sikuwa nimefunga maikrofoni. Kanisa lote, Wakongo, Warundi na yule Mkenya Owuor, walisikia kengele. Walimsikia Blaise akisema neno lisilosemwa Jumapili. Walimsikia Emérance akiuliza kama tunaungua au anaweza kurudi kulala. Gratien akaomba maombi maalum kwa ajili ya ndugu yetu aliyeko chini ya maji. Watu arobaini wakasema amina. Kwa nguvu, nimeona.

Emérance amelala masaa mawili. Mito inanuka samaki. Lakini kitabu kinasema watu wa dizeli hunuka dizeli mpaka kwenye soksi, na wake zao huwavulia nguo mlangoni. Kwa hiyo tunakwenda vizuri.

Jumatatu, 13 Septemba

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Ndani ya nyambizi vitanda havitoshi. Anayetoka zamu anaingia kwenye kitanda kilichoachwa na mwenzake, bado kina joto. Nikaona dawa ya Blaise. Anarudi saa kumi na moja alfajiri, na sofa yake iko katikati ya darasa la Nicole. Anaamshwa, anagombana, ugomvi unamwamsha Emérance. Mimi saa kumi na moja naamka kusali. Kitanda changu kinabaki bure mpaka Emérance arudi! Saa moja na robo namhamishia Blaise kwenye kitanda cha Nicole. Nani asingefikiria hivyo?

Blaise alikataa. Alisema kitanda cha dada na shemeji hakiguswi, kwetu hata mtoto haketi pale. Nikamwambia baharini hakuna dada. Alilala amesimama. Nikamsukuma tu.

Leo Emérance aliachiwa mapema. Aliingia kabla ya saa moja, mimi niko bafuni na Zaburi yangu. Mapazia yamefungwa. Akakaa pembeni ya kitanda, akamchapa kibao cha mgongo yule aliyejifunika, akaanza kumweleza. Filimbi. Samaki. Aibu mbele ya kanisa. Kwamba aliolewa na mwanaume akapewa redio. Blaise anasema ilichukua dakika nne.

Kisha blanketi likasema, "Dada?"

Bahizire, mlio ule sijawahi kuusikia, na mimi nimekimbia vita. Blaise alitoka peku mpaka kwenye ngazi, bila barakoa. Gratien akafungua mlango kidogo, akampa barakoa, akafunga.

Shuka zimefuliwa mara mbili. Godoro limesimama barazani siku nzima, majirani wanaliangalia. Emérance amelala kwenye zulia la wasichana. Dakika arobaini.

Jumanne, 14 Septemba

Nimejirekebisha. Vitanda basi. Leo maji.

Nyambizi ya dizeli haina maji ya kuchezea. Unajilowesha, unafunga. Unajipaka sabuni, unafungua. Dakika mbili, kwisha. Emérance akirudi anajisugua dakika kumi na tano, anasema anautoa ugonjwa. Dakika kumi na tatu za usingizi zinaingia kwenye shimo la bafu kila siku! Nikakaa kwenye koki kuu chini ya sinki, saa mkononi.

Koki ilifunga vizuri sana. Kufungua ndiko ilikokataa. Ikabaki mkononi mwangu. Emérance ndani, povu mpaka machoni, anaita jina langu lote, pamoja na lile la ubatizo.

Gratien alileta ndoo mbili mpaka mlangoni. Akaziweka chini, akarudi nyuma mita moja na nusu kama sheria inavyotaka, na akabaki pale ili aone vizuri.

Fundi alimaliza saa nane. Begi la safari limeshuka kutoka juu ya kabati.

Jumatano, 15 Septemba

Begi liko wazi. Ndani kuna ndala na Biblia yake ndogo. Ile ndogo huibeba akienda kukaa muda mrefu.

Wanasema leo amri ya kutotoka usiku inaondolewa kwetu. Hakuna aliyeruka kwa furaha.

Alipokuwa anakunywa chai nilimwuliza jambo moja. Kambini Uganda tuliishi chumba kimoja miaka sita, mvua inapiga mabati, watoto wa jirani wanalia, na yeye alikuwa analala vizuri. Ilikuwaje? Akasema kule nilikuwa natoka alfajiri kwenda shambani, narudi jioni.

Sikuelewa shamba linahusiana vipi. Uchovu unamfanya achanganye mambo. Maskini mke wangu.

Alhamisi, 16 Septemba

Usaliti! Serikali imefuta nyambizi za dizeli! Wafaransa wameachwa na mchoro wao mkononi. Zitakuja za nyuklia. Miaka yote hiyo, na wakachagua wiki yangu!

Gratien aligonga chuma cha baraza kwa kijiko mpaka nikatoka. Alikunywa maji. Polepole. Gilasi nzima.

Halafu wanamaji wangu wakaasi. Ketsia alisoma tangazo kwa Kiingereza mbele ya friji, akabandua sheria zote kumi na nne. Akasema, "Pole Papa, ni uamuzi wa serikali." Nicole akafungua madirisha yote. Blaise akaoga dakika ishirini, anaimba pambio.

Baadaye Ketsia alikuja kukaa karibu yangu, mpole kabisa. Alisema kila nyambizi ina mtu wa periskopu, lile bomba la kuchungulia juu ya maji, mtu mzima mwenye uzoefu, na kutoka ndani mimi sioni chochote. Mahali pake ni kwenye Corolla yetu chini, inayotazama barabara yote. Zamu ni kesho, saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Bila kupanda juu, hata nikikumbuka kitu. Filimbi ibaki kwake.

Kumbe kuna mtoto anayeheshimu cheo! Nimekubali.

Ijumaa, 17 Septemba

Siku ya mwisho ya kujibu. Nimekaa kwenye Corolla masaa kumi. Betri yake ilikufa tangu Julai, hata redio hakuna. Chupa ya chai, mkate, Biblia. Nimeona: mtu wa vifurushi mara mbili, paka, mama mmoja anayetembeza mbwa ndani ya saa yake moja ya kutoka. Adui, hakuna. Emérance alipita na begi lake la kazi, akaniona kwenye usukani, akaenda zake. Niliomba mpaka midomo ikakauka.

Saa kumi na moja nikapanda. Emérance yuko jikoni anasonga ugali, uso ule wa mwaka tuliooana. Masaa tisa! Hakugeuka hata upande! Akampigia bosi mbele yangu: asante kwa moteli, lakini hapana. Begi limerudi juu ya kabati.

Nikaingia chooni, nikalia kidogo. Nikavuta maji mara mbili, kwa shukrani.

Nilimwuliza Ketsia anadhani ni kitu gani hasa kilichofanya kazi. Akanijibu kwa Kiingereza, huku anafuta sahani, kwamba mama alilala kwa sababu mimi sikuwepo. Ndiyo hivyo! Kapteni akiwa kwenye periskopu, nyumba inajisikia salama.

Jumapili, 19 Septemba

Sasa kosa nimelijua. Lilikuwa dizeli. Gratien alisema kweli mara moja, Mungu amsamehe.

Kitabu, karibu na mwisho: nyambizi ya nyuklia hewa na maji haiishiwi. Inaishiwa chakula tu. Kwa hiyo wanapakia cha siku tisini. Makopo wanayapanga sakafuni, wanaweka ubao juu, wanatembea juu yake, na wanaila ile sakafu mpaka ishuke. Akili ya ajabu! Jana gari limeshusha makopo mia mbili na arobaini: samaki, nyanya, maharage. Nimeyalaza kuanzia mlangoni mpaka chumbani kwetu, juu yake nimeweka mlango wa kabati. Imara sana. Inalia kidogo.

Leo saa moja na nusu Emérance akaingia. Hatua ya kwanza, makopo yakaimba. Hatua ya pili, ubao ukaondoka naye. Alisafiri akiwa amekaa, kutoka mlangoni mpaka miguuni pa kitanda. Upande wa pili wa ukuta Gratien akapiga makofi, na hata hakuona.

Hakuumia, Bwana ni mwema. Akiwa bado chini akatoa simu, akampigia bosi, akauliza kama kile chumba cha moteli bado kipo. Nikaanza kusali. Kisha nikasikia vizuri: si chake. Anauliza kama wanapokea waume. Bosi akasema ni wafanyakazi tu. Akauliza tena. Akasema tafadhali mara tatu. Alipokata simu alikuwa na machozi.

Unaona jinsi anavyonipenda? Anataka nipumzike!

Kwa sasa amenipangia Corolla kila siku, Jumapili nikisharudi kutoka Zoom. Ni kupandishwa cheo, hakuna jina jingine. Hukohuko nitapiga hesabu, maana kwa watu watano siku tisini makopo bado hayatoshi, na chini ya kitanda cha Emérance nimeona nafasi nzuri.

Wewe uko Adelaide, mji wa wajenzi wa nyambizi. Niulizie: makopo yasilie, yalazwe au yasimamishwe? Jibu upesi, ndugu yangu. Emérance anarudi kesho saa moja na nusu.